Kisima Ndani ya Mashua

Kazi yangu ya kwanza baada ya kuacha chuo ilikuwa kulinda beseni.

Si mzaha. Lilikuwa beseni la plastiki la buluu, ukingo umepasuka ukashonwa kwa waya, na ndani yake kambare wadogo wa urefu wa kidole wapatao mia mbili. Mimi niliketi kando yake katikati ya mashua, kikombe mkononi, nikitoa maji ya zamani kidogo kidogo na kutia mapya. Tulikuwa tunatoka Dunga, nje kidogo ya Kisumu, jua likielekea kuzama, kwenda kutega mshipi mrefu wenye mamia ya ndoana. Kambare hao walikuwa chambo cha mbuta. Mbuta ni samaki wa madharau: ukimpa chambo kilichokufa anaweza kukipita hivi hivi. Anataka kitu kinachojipinda. Kwa hivyo kazi yote ya usiku, mafuta ya injini na jasho la watu wanne, ilitegemea kama vile vitoto vya kambare vitafika kwenye ndoana vikiwa hai.

Mzee mwenye mashua aliniita Mswahili, kwa sababu nilitoka Kilifi na Kijaluo changu kilikuwa cha kusalimiana tu. Masharti yake yalikuwa machache. Beseni lifunikwe kwa gunia bichi, jua lisilipige. Maji yabadilishwe kidogo kidogo, si kumwaga yote mara moja. Mkono mkavu usiguse samaki. Aliyekufa atolewe saa hiyo hiyo. Na usilale.

Usiku wa tisa nililala.

Nilipoamka, mtungi wa mafuta ya injini niliokuwa nimeuegemeza karibu ulikuwa umevuja, kifuniko sikukikaza, na juu ya maji ya beseni palikuwa na ngozi ya rangi rangi kama ile unayoiona barabarani mvua ikinyesha mbele ya gereji. Mzee hakupiga kelele. Aliwasha tochi, akaniambia, "Wewe umesoma. Hesabu wafu." Nikahesabu. Mia moja arubaini na tatu. Akasema kambare hafi ovyo, ana njia yake ya kuvuta hewa ya juu, ndiyo maana anauzwa akiwa hai hata kwenye karai lenye maji ya kufunika mgongo tu. "Kumuua kambare, Mswahili, lazima ujitahidi." Pesa zao zikakatwa kwenye malipo yangu.

Nyanya yangu alikuwa na jina la usingizi kama ule wangu: usingizi wa pono. Pwani kila mtu anamjua pono, yule samaki wa rangi za kupendeza mwenye mdomo kama wa kasuku, anayelala usiku mpaka mzamiaji anaweza kumchukua kwa mkono. Asubuhi ile, nikiwa nimekaa kwenye mawe na aibu yangu, nilinunua bando ya shilingi ishirini na kuanza kutafuta swali moja tu: watu walianza lini kuwabeba samaki hai ndani ya mashua? Nilitaka kujua ni wangapi wengine walilala.

Na samaki wa kwanza kukutana naye alikuwa pono.

*

Karne ya kwanza, Roma. Kaisari ni Klaudio. Mkuu mmoja wa meli za kivita, jina lake Optatus, alipewa au alijipa kazi isiyo ya kivita hata kidogo. Matajiri wa Roma walimpenda sana pono, lakini pono wa kula alipatikana mbali, bahari ya upande wa Krete na Rodo. Pwani ya magharibi ya Italia hakuwepo. Optatus akaenda, akawavua kwa wingi, akawarudisha wakiwa hai, akawamwaga baharini kati ya Ostia na Campania. Pliny ameliandika jambo hilo, na Macrobius, aliyekuja karne kadhaa baadaye, anaongeza kwamba waliletwa kwa meli zilizotengenezwa kwa kuhifadhi samaki hai, na kwamba walimwagwa baharini kama mtu anavyotawanya mbegu shambani. Pliny anasema kwa muda wa karibu miaka 5 ilihakikishwa kwamba kila pono aliyenaswa anarudishwa majini, mpaka wakazoea na kuzaana.

Hebu fikiria umbali huo. Kutoka bahari ya Krete hadi Ostia si safari ya kuvuka feri ya Likoni. Ni siku nyingi za upepo usiotabirika, na mle ndani kuna samaki ambaye, tofauti na kambare wangu, hana njia ya kuvuta hewa ya juu. Kuna mtu alikaa kando ya maji yale usiku na mchana. Jina lake Pliny hakuliandika.

Lakini mashua ya aina hiyo tunayo. Mwishoni mwa miaka ya 1950, walipokuwa wakijenga uwanja wa ndege wa Fiumicino karibu na Roma, mitambo ilifukua bandari ya kale ya Klaudio mwenyewe, na ndani ya matope mabaki ya vyombo kadhaa. Kimoja kilikuwa kidogo, mashua ya mvuvi ya karne ya 2, yenye urefu wa mita 5 na kidogo. Katikati yake kuna sanduku la mbao lililojengwa pamoja na mashua yenyewe, na kwenye sakafu ya sanduku hilo, yaani kwenye tumbo la mashua, kuna matundu yaliyotobolewa makusudi, pamoja na vizibo vyake.

Nilipoona picha yake nilicheka peke yangu. Sisi huku kazi ya kwanza ya mtu mdogo kwenye mashua ni kufua maji. Unashika upo, unafua, maji yanaingia, unafua. Maisha yote ya chombo ni vita dhidi ya tundu. Ndiyo sababu kuna kalafati, kuna lami, kuna mafuta ya sifa. Halafu hapa kuna fundi aliyechukua keekee akatoboa mashua nzima, mpya, kwa akili zake timamu.

Siri ni kuta. Ukitoboa tumbo la mashua, maji yataingia mpaka yafikie usawa wa maji ya nje, kisha yatasimama. Hayawezi kupanda zaidi ya hapo. Kama umejenga kuta mbili imara mbele na nyuma ya matundu yako, zisizopitisha maji, basi maji yamefungiwa kwenye chumba hicho tu, na mashua inaelea kwa nguvu ya vyumba vilivyobaki vikavu. Umepoteza nafasi ya mzigo, na mashua imekuwa nzito, lakini umepata kisima. Kila wimbi linapoinua na kushusha chombo, maji mapya yanaingia na ya zamani yanatoka. Bahari yenyewe ndiyo inayoshika kikombe. Nitaendelea kukiita kisima, kwa sababu sijapata jina bora.

Kisima kina kazi zaidi ya kulowesha samaki. Samaki anapumua hewa iliyoyeyuka majini, na maji hayana hewa nyingi ya kugawa. Maji baridi kabisa, ya nyuzijoto 0, yanaweza kubeba takriban miligramu 14.6 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 yanabeba kama 7.6 tu, karibu nusu. Na hapo ndipo mtego ulipo: maji yakipata joto, oksijeni inapungua, na wakati huo huo mwili wa samaki unachemka na kutaka oksijeni zaidi. Juu ya hayo, samaki anatoa uchafu wake, amonia, humo humo anamopumulia. Mzee wa Dunga hakuwahi kunitajia oksijeni wala amonia. Alisema tu gunia bichi, maji kidogo kidogo, aliyekufa atoke. Sheria zote tatu zimo.

*

Waliofanya kisima kuwa biashara ya taifa ni Waholanzi. Kwa karne nyingi, kuanzia enzi za kati, mashua zao zilizoitwa waterschip zilivua kwenye Zuiderzee, zikiwa na kisima katikati. Tunazijua vizuri kwa sababu ya ajabu: mwaka 1932 Uholanzi ilifunga bahari hiyo kwa ukuta, kisha ikakausha sehemu kubwa kuwa mashamba. Wakulima walipoanza kulima, jembe likagonga mbao. Mashua zilizozama zilikuwa zimelala chini ya kile ambacho sasa ni shamba la viazi.

Waholanzi haohao walipeleka mikunga hai London. Mashua zao zilitia nanga kwenye mto Thames mbele ya soko la Billingsgate, na watu walinunua mikunga inayonyonganyonga moja kwa moja kutoka kisimani. Inasimuliwa kwamba London ilipoungua mwaka 1666, Waholanzi waliendelea kuleta chakula, na kwa shukrani wakapewa haki ya kutia nanga pale bure, kwa sharti kwamba nafasi yao isibaki tupu hata siku moja. Mashua moja haikuondoka mpaka nyingine ifike. Desturi hiyo ilidumu mpaka miaka ya mwisho kabla ya Vita Kuu vya Pili.

Waingereza wakaiga. Mwaka 1712 mashua za kwanza za Kiingereza zenye kisima zilianza kazi Harwich, na katika karne hiyo na iliyofuata zikaenea: Barking, Gravesend, baadaye Grimsby. Walikuwa wakimtafuta chewa wa Bahari ya Kaskazini, samaki mkubwa wa nyama nyeupe, na walimvua kwa mishipi mirefu yenye ndoana nyingi. Ndiyo, kama sisi tu. Wavu wa kukokota unamponda samaki. Ndoana inamchoma mdomo na kumwacha mzima.

Ila alikuwa na shida moja. Chewa ana kibofu cha hewa tumboni kinachomsaidia kuelea. Kila mita 10 za kina zinaongeza uzito wa angahewa nzima juu ya mwili wake. Ukimvuta haraka kutoka mita 30, hewa ile ya kibofuni inataka kutanuka mara 4. Anafika juu amevimba, anaelea tumbo juu, hawezi kuzama tena, na ndani ya kisima atakufa. Kwa hivyo wavuvi walibeba sindano. Walimchoma ubavuni, nyuma ya pezi, mahali walipopajua kwa kidole, hewa ikatoka, na samaki akageuka akazama taratibu chini ya kisima, akaanza kupumua.

Nilisoma aya hiyo mara tatu. Kibofu hichohicho, cha mbuta wetu, ndicho wafanyabiashara wa Tanzania wanachokiita bondo, na siku hizi kinakaushwa na kusafirishwa Asia kwa bei inayoshinda ya minofu. Miaka mia mbili iliyopita mvuvi alikitoboa ili samaki aishi. Leo samaki anaweza kusakwa kwa sababu ya kibofu chake.

Mashua za chewa zilikuwa na mpaka. Zilipoingia mto Thames hazikupita Gravesend, kwa sababu kuanzia hapo maji ya mto yanazidi ya chumvi, na chewa hafai kwa maji baridi ya mto. Grimsby walipata mbinu nzuri zaidi. Mashua ikifika bandarini, chewa walihamishwa kutoka kisimani hadi kwenye masanduku ya mbao yaliyoelea gatini, kila moja lenye urefu wa futi 7 hivi, upana wa 4 na kina cha 2, sakafu yake ikiwa ya mbao zilizoachana ili maji yapite. Humo walikaa hata wiki mbili, bila kulishwa. Soko la London likiwa limejaa na bei iko chini, masanduku hayakufunguliwa. Upepo ukivuma siku nyingi, mashua zikashindwa kutoka na samaki wakaadimika, basi mtu alikwenda na wavu wa mkono na rungu fupi, akamtoa chewa mmoja mmoja, akampiga kichwani, na kumpakia kwenye treni ya usiku. Asubuhi mteja wa Billingsgate alilipa bei ya juu kwa kile kilichoitwa chewa hai, ingawa alikuwa ameuawa jana jioni.

Hapo ndipo nilipoelewa kisima ni cha nini. Nilidhani ni cha kumweka samaki hai. Kwa kweli ni cha kuchagua siku ya kumuua. Na anayechagua siku ndiye anayechagua bei.

*

Kilichomaliza kisima ni barafu. Pale Barking kulikuwa na tajiri wa mashua, Samuel Hewett, aliyekuwa na kundi kubwa la vyombo. Katikati ya karne ya 19 watu wake walianza kukusanya barafu ya majira ya baridi kutoka mashamba yaliyofurishwa maji makusudi, ikahifadhiwa kwenye ghala lenye kuta nene mpaka kiangazi. Barafu haijali kama samaki ameumizwa na wavu. Kwa hivyo wavu wa kukokota, ulioua samaki wengi na kwa haraka, ukaushinda mshipi. Ngama yote ikawa ya mzigo. Hakuna haja ya kuta, matundu wala sindano.

Na mashua hazikuhitaji kurudi nyumbani. Zilikaa baharini kwa majuma kadhaa kama kundi, na chombo chepesi kikaja kuchukua samaki waliopakiwa kwenye masanduku ya barafu. Samaki walitolewa kwenye mashua na kupelekwa kwenye chombo hicho kwa vidau vya makasia, katikati ya mawimbi ya Bahari ya Kaskazini, hata majira ya baridi. Wengi walizama katika kazi hiyo. Na miongoni mwa waliopiga makasia walikuwemo watoto.

Wamiliki wa Barking, Hull na Grimsby walichukua wavulana kutoka nyumba za maskini, yatima na waliotupwa, wakawasainisha mikataba ya uanagenzi mpaka wafikishe miaka 21. Mvulana aliyetoroka alikamatwa na kufungwa jela, na ilikuwa hivyo mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 1880. Mwaka 1882 nahodha mmoja wa Hull alinyongwa kwa kumtesa mwanagenzi wake mpaka kufa baharini. Kijana huyo alikuwa na miaka 14.

Sitaki kusema enzi za kisima zilikuwa nzuri. Kulikuwa na wanagenzi kwenye mashua za kisima pia, na nahodha mkatili ni mkatili popote. Ninachosema ni kwamba samaki hai anamlazimisha mtu kurudi bandarini. Hawezi kusubiri bila kikomo. Kisima kinajaa, joto linapanda, lazima urudi. Samaki wa barafu aliyeletewa chombo cha kumchukua hamlazimishi mtu yeyote. Kwa mara ya kwanza mwili wa samaki ulisafiri kwenda sokoni huku mwili wa mvulana ukibaki kulekule.

*

Ng'ambo ya Atlantiki kisima kiliishi muda mrefu zaidi. Kijiji cha Noank, jimbo la Connecticut, Marekani, kiliunda mashua za kisima nzuri mno. Moja, Emma C. Berry, iliyoundwa mwaka 1866, bado inaelea kwenye jumba la makumbusho la Mystic. Wavuvi wa sehemu hizo walishuka kusini majira ya baridi mpaka Key West, wakavua chewa wa miamba wa maji ya joto na kuwauza wakiwa hai Havana.

Halafu kisima kikarudi kwa njia ambayo Optatus angeifahamu. Mwaka 1967 Mmarekani mmoja, Ray Scott, aliandaa mashindano ya kuvua besi, yule mwenye mdomo mpana, kwenye ziwa la Beaver jimbo la Arkansas. Mashindano yakawa biashara kubwa, na kila mwisho wa siku samaki waliokufa walipimwa mbele ya umati. Watu wa vijiji vya karibu wakaanza kulalamika kwamba wageni wanamaliza samaki wao. Mwaka 1972 Scott akaanzisha sharti la kuwaleta wakiwa hai na kuwarudisha ziwani baada ya mizani. Ghafla kila mshindani alihitaji kisima. Mashua za plastiki ngumu zikaanza kutengenezwa na tangi ndani yake, pampu ndogo ya umeme wa betri ikivuta maji ya ziwa na kuyarusha kama mvua ili yabebe hewa. Siku hizi mvuvi makini anapima joto la tangi lake, anatia barafu kidogo kidogo, na bado wapo wanaochoma kibofu cha samaki aliyevimba kwa sindano. Pliny alisema walionaswa warudishwe baharini. Ni jambo lilelile, miaka 1,900 baadaye, na zawadi ya pesa juu yake.

Besi huyohuyo yuko hapa kwetu. Alitiwa ziwa Naivasha mwaka 1929 na wakoloni waliotaka mchezo wa kuvua. Miaka zaidi ya ishirini kabla yake walikuwa wamekwisha kuleta mayai ya trauti kutoka Loch Leven, Uskoti, kwa ajili ya mto Gura, Aberdare. Hiyo ilikuwa 1905. Na mbuta, ambaye watoto wengi wa Kisumu wanadhani alikuwepo tangu Mungu aumbe ziwa, aliletwa Victoria katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 kutoka maziwa mengine. Samaki haruki nchi kavu. Kila mmoja wao alibebwa ndani ya chombo cha maji na mtu aliyeketi kando akihakikisha hafi. Watu hao walifanya kazi yao vizuri. Walifanya vizuri mno, kwa sababu mbuta alipozaana aliwala fulu, wale samaki wadogo wa Victoria wasiopatikana kwingine duniani, na wataalamu wanakadiria aina kama 200 zimetoweka. Kuna usiku ambao nawaza: laiti mmoja wao angelala usingizi wa pono.

Lakini basi mimi na Mzee tusingekuwa na kazi.

*

Nilikaa Dunga miezi minne. Sikulala tena. Nilijifunza kumjua kambare anayeanza kuchoka: anapanda juu mara nyingi kuliko wenzake, na mgongo wake unapoteza utelezi. Nilijifunza kwamba ukijaza beseni kupita kiasi kwa tamaa ya chambo kingi, utapata chambo kichache kuliko ungejaza nusu.

Kila Jumapili mama alipiga simu kutoka Kilifi kuuliza masomo yanaendeleaje. Nikasema yanaendelea. Jumapili inayofuata nikaongeza kidogo, mtihani, mhadhiri, ili uongo usikauke. Ukweli ni kwamba nilikuwa na deni la ada la mihula miwili, jina langu halikuwepo kwenye orodha ya mtihani, na nilikuwa nimeuza kitanda changu kwa mwenzangu wa chumba.

Asubuhi moja tulitoa mbuta mkubwa kuliko wote wa msimu ule. Watu wawili walimbeba. Alikuwa bado anafungua matamvua tulipofika ufukweni. Mnunuzi mwenye gari la barafu alikuwa ameshasimama pale, na alikuwa peke yake, wenzake hawakufika siku hiyo. Akataja bei. Mzee akacheka, kisha akaona mtu yule hacheki. Wakabishana kwa Kijaluo kwa dakika kama kumi. Jua lilikuwa linapanda. Mnunuzi hakuwa na haraka. Alijibu simu, akarudi, akataja bei ileile. Samaki alishaacha kufungua matamvua. Mzee akapokea pesa.

Tukiwa tunakunja mshipi akaniambia, kwa Kiswahili, polepole: "Angekuwa hai mpaka kesho, ningemwambia aje kesho."

Nikamwambia habari ya Grimsby. Masanduku yaliyoelea, wiki mbili bila chakula, rungu, treni ya usiku. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kukunja. Akauliza yalikuwa na ukubwa gani. Nikamwambia futi 7 kwa 4 kwa 2. Akatazama ziwa. Siku hizi Victoria kuna vizimba vingi, nyavu zinazoelea za kufugia ngege, na mwenye vizimba anachagua siku ya kuvuna. Hata hao hawako salama: zaidi ya mara moja maji yasiyo na oksijeni yamepanda kutoka chini na kuua ngege kwa maelfu kwa usiku mmoja, na wenye vizimba wakaamka kuhesabu wafu kama nilivyohesabu mimi. Lakini wana siku zao. Mzee na mashua yake wana asubuhi moja tu.

"Mbuta hakai kwenye sanduku la futi 7," akasema mwishowe. "Anataka nafasi. Lakini ngege angekaa." Akanyamaza. Kisha: "Mbao za futi 7 ni pesa ngapi siku hizi?"

Sikujua. Nikasema nitauliza mjini.

Niliuliza, na nikamletea hesabu kwenye karatasi: mbao, misumari, kamba, maboya. Mimi nilikuwa nimeamua kurudi Pwani. Aliikunja karatasi mara mbili, akaitia kwenye mfuko wa shati pamoja na kitambulisho chake. Sijui kama alilijenga.

Jumapili iliyofuata, nikiwa stendi ya basi ya Kisumu na mfuko mmoja, mama alipiga simu. Aliuliza masomo yanaendeleaje. Nikamwambia nimeacha chuo tangu Januari, na nimekuwa nikifanya kazi ziwani. Alikaa kimya muda mrefu. Nilidhani salio limeisha. Kisha akauliza kazi gani.

Nikamweleza habari ya beseni.